Dereva Aliyetupakia Gari Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuendesha magari ya halmashauri hii, dereva wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi wenu hamlijui jina lililo kwenye barua yake ya ajira. Mnamjua kama Mzee Taratibu. Jina hilo alipewa na muuguzi mmoja aliyekuwa akiwahi kliniki ya chanjo, akamlalamikia njia nzima kwa mwendo wake, kisha wakayapita magari mawili yaliyokwama kwenye tope na wakafika wa kwanza.

Alianza karakana, akiosha vipuri kwa mafuta ya taa. Gari lake la kwanza lilikuwa na mlango uliofungwa kwa kamba. Mkewe alimfungia chupa ya chai na vikombe vitano, hata siku ambazo abiria alikuwa mmoja. Alikuwa na kitambaa chake cha kufutia kioo, na swali lake kabla ya kuwasha injini. Hakuuliza tunaenda wapi. Aliuliza, “Tunaenda kufanya nini, bosi?” Mabosi wa siku zile waliona ni ufidhuli. Leo tunalikumbuka swali lile kwa hamu, maana hakuna mwingine aliyetuuliza.

Sherehe za kuagana zina tabia ya kusema uongo mtamu. Hapa tuseme ukweli. Lile bango la malengo kumi na saba ya maendeleo endelevu lilipoletwa, kila mkuu wa idara alikata kipande chake akakibandika ofisini. Kilimo walichukua la pili, njaa. Afya la tatu, elimu la nne, maji la sita. Mzee Taratibu alisimama mbele ya yale mabaki ukutani akauliza kama bango lilikuja hivyo hivyo kutoka kiwandani. Tulicheka. Hatukuelewa kwamba tumesutwa.

Yeye alikuwa akiona tusichokiona. Jumatatu alimpeleka bwana kilimo kijiji kimoja, Jumanne mhandisi wa maji kijiji hicho hicho, Jumatano mganga wa idara ya afya, Alhamisi ofisa elimu. Alituacha kwenye nyumba ile ile, ya mama mmoja mwenye mabinti wawili. Mwisho yule mama akamfuata dirishani: “Baba, hawa watu wako hawajuani? Kila mmoja ananiuliza watoto wangu wako wapi, na wote wameenda kuchota maji!”

Wiki iliyofuata alitutangazia kwamba gari moja tu ndilo zima. Ulikuwa uongo, na tunamshukuru kwa uongo ule. Tulibanana wanne, tukigombania dirisha na kunyosheana vidole. Mhandisi alisema kisima chake hakina kasoro. Bwana kilimo alisifu mfereji wake mpya na mavuno ya mboga. Mganga alilalamika kwamba watu hawanawi mikono. Ofisa elimu, ambaye ndiye anayeandika maneno haya, alikuwa amekwisha kuandika ripoti nzima ya kuwalaumu wazazi kwa utoro wa wasichana.

Mzee Taratibu alitupeleka kwanza kwenye mfereji. Kisha akaufuata mdogo mdogo hadi pale ulipokinyonya kijito, akashuka na kijito hadi kwenye kisima kilichokuwa kikikitegemea. Kisima kilikuwa kikavu. Pale akazima injini, akasema gari limegoma, akatoka kufuta kioo. Alikifuta kioo kile kwa saa nzima. Sisi tulibaki ndani na ripoti zetu nne, kila moja ikidai ushindi au ikimtafuta mchawi, na wote tulikuwa tukizungumzia maji yale yale.

“Mmemaliza, wanangu?” akatuuliza alipochungulia. Mhandisi akamwambia, “Washa bwana, limepona.” Likawaka mara moja.

Tulirudi na mpango mmoja wa mistari mitatu: mfereji ufungwe siku tatu kwa wiki, kisima kichimbwe zaidi, darasa la jioni lifunguliwe kwa wasichana waliobaki nyuma. Mboga zilipungua kidogo msimu ule, na bwana kilimo alinung’unika, ana haki yake. Lakini kliniki ya kijiji ilipata maji ya kuoshea vifaa, na wale mabinti wawili walirudi shule. Tangu hapo, kila Alhamisi kwa miaka tisa, tumesafiri pamoja.

Sasa yanakuja magari mapya manne, moja kwa kila idara, na ratiba mpya imeifuta safari ya Alhamisi. Wanaiita ufanisi. Sisi tunaiita kurudi kwenye upofu kwa viti vya ngozi. Mtu anayedhani njaa ina ofisi yake na maji yana ofisi yake hajawahi kukaa saa moja kando ya kisima kikavu. Mzee Taratibu alipoulizwa anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani na kochi. Aliomba Alhamisi ibaki. Barua yake ya ombi hilo iko mezani kwa mkurugenzi wiki ya tatu, bila jibu.

Hatukulisubiri jibu. Wakuu wa idara zote nne tumeweka saini zetu chini ya barua yake, na Alhamisi ya kwanza ya Julai tutapanda gari moja, tubanane kama zamani. Magari matatu yatabaki uani na funguo zake. Anayetaka kutuadhibu atatukuta kijijini.

Ahsante, mzee wetu, kwa barabara zote na kwa subira yako. Nenda ukapumzike na mama, tunakuombea afya, usingizi mnono na siku ndefu zenye furaha. Kazi yako tumeipokea.