Kijiti cha Kupimia Maji

Ndugu zangu, kabla sijaupokea ufunguo huu wa tangi, naomba mnisikilize kidogo. Mmenichagua kwa makofi, nami nashukuru. Lakini nawaambia, mtu anayekabidhiwa maji ya kijiji kizima lazima ajulikane.

Mimi nililelewa Murangi, ziwani kabisa, si huku Bunda tulikohamia sote kuanzisha kijiji. Kwetu maji hatukuwaga tunayapima. Ukishikwa na kiu mtumbwini, unainamisha kata, unakunywa, unaendelea na safari.

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa yaya wa mtoto wa Mzungu mmoja, fundi wa mitambo mgodini Buhemba. Kazi yake ilipokwisha, aliamua kurudi kwao kwa mashua yake ya matanga. Mtoto hakukubali mikono mingine, kwa hiyo wakaniomba niwasindikize hadi Shelisheli. Mombasa tukapanda: Bwana, Mama, mtoto na mimi.

Msicheke. Siku tatu za kwanza nilitapika mpaka nyongo. Ya nne nikasimama, nikajifunza maisha ya mle ndani. Kila mtu mzima alishika usukani kwa zamu, hata mimi. Jiko lilikuwa limening'inizwa ili sufuria itulie mashua ikiyumba, nami nilipika nimejifunga mkanda nisiangukie moto. Asubuhi tuliokota samaki waliorukia ndani wenyewe. Vyombo, nguo na miili yetu tuliosha kwa maji ya bahari. Maji ya kunywa yalikaa kwenye tangi chini ya sakafu, na kuyapima kila asubuhi kwa kijiti chenye alama ilikuwa kazi yangu.

Sasa, nepi zikikauka na chumvi zilimchubua mtoto mapaja. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikaanza kuzisuuza kwa maji ya tangi, kwa siri, wazazi wake wakiwa juu wanashughulika na matanga. Asubuhi kijiti kilisema kweli, nami nikataja alama ya juu yake. Mtu wa ziwani haamini moyoni kwamba maji huisha.

Kisha upepo ukafa. Matanga yakalegea siku baada ya siku, bahari ikang'aa kama sahani. Bomba la kuvutia maji ya tangi likaanza kukohoa hewa. Bwana akapima mwenyewe, akadhani tangi linavuja. Aling'oa mbao za sakafu, akapapasa kila kiungo mpaka vidole vikachubuka. Mama akawa anampa mtoto kikombe chake, yeye analowesha midomo tu.

Kumwona vile kulinishinda. Nikamwambia mumewe, "Bwana, tangi ni zima. Ni mimi. Nimesuuzia nepi."

Alikaa juu ya zile mbao. Mama ndiye aliyeniuliza, polepole, "Kwenu Murangi watoto huvaa nepi?"

Nikasema hapana.

"Sasa si ungesema tu? Tungemwacha uchi."

Ndugu zangu, nililia. Nilidhani mtoto wa Kizungu hawezi kukaa bila nepi, na kuuliza niliona aibu. Aibu ile ndogo ilikaribia kutuua wanne.

Nilitarajia kunyang'anywa kijiti. Bwana alinirudishia. "Utaendelea kupima," akasema, "ila mtu wa pili atasimama nawe, na alama itatajwa kwa sauti." Tukaishi kwa nusu kikombe, mtoto uchi juani asubuhi, mapaja yakapona. Upepo uliporudi na tukafika, kijiti kililowa kiasi cha ukucha.

Namshukuru Mungu, na watu wale walionipa tena kazi niliyoiharibu. Nawashukuru nanyi mlionipokea hapa, mimi mtu wa ziwani. Ninalowaombeni ni moja: msione aibu kuuliza, wala msimwache mtu apime peke yake, hata mkimpenda.

Ufunguo naupokea. Kesho asubuhi, kabla sijafungua, mmoja wenu asimame nami pale tangini. Nani anakuja?