Boga Lililofukuzwa Ukumbini

Benchi la mbele ya duka la misumari na rangi pale Tolliver, Ohio, halina mwenyewe, lakini hebu jaribu kulikalia Jumamosi asubuhi uone utakavyotazamwa. Kushoto hukaa Wendell Pruitt, anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza kwenye kesi ya trekta, na tangu siku hiyo hakuna sheria asiyoijua. Katikati ni Dottie Kessler, Redio, aliyestaafu posta akaondoka na habari za mji mzima. Kulia ni Lorene Stamper, Gundi, maana hakuna kilichovunjika Tolliver kisichopitia mikononi mwake. Jumamosi hiyo majani makavu yalikuwa yamejaa mpaka chini ya benchi, ng'ambo ya barabara ukumbi wa zimamoto umefunguliwa kwa maonyesho ya mavuno, na Gundi alitoka huko mbio, kakumbatia boga kubwa la rangi ya maziwa, akajibwaga kwenye benchi hata kahawa ya Wakili ikamwagikia suruali.

— Wamenitoa!

— Nani kakutoa? Redio akauliza, masikio yamemsimama.

— Ostrander na majaji wenzake! Meza yangu nzima! Eti shindano ni la kazi za mikono, hawapokei vitu vya dukani. Vya dukani, Dottie! Mimi!

— Acha weee!

— Haki ya Mungu. Kaliinua boga langu, kaligeuza, kaligonga kwa kidole, akaniambia, "Lorene, sote tunalijua duka hili."

Duka lenyewe liko Columbus, la wenye nazo. Kila msimu huwatumia watu kijitabu cha picha, na ndani yake kila kitu kina rangi ya uji: maboga ya uji, mablanketi ya uji, mashada ya mlangoni ya uji. Boga moja la udongo, lile kubwa, dola mia na themanini. Gundi alipoliona alicheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akaingia gereji akajifungia.

— Mia na themanini! Wakili alifoka, kama ndiyo kwanza anasikia. Na pale kwa Yoder boga la shambani unachukua kwa dola nne, na supu unapika!

— Mimi nimechukua la plastiki, Gundi akasema. Lile la duka la bei chee nyuma ya kituo cha mafuta, la rangi ya chungwa, limekenua meno. Meno nimeyaziba. Nikachukua rangi iliyobaki nilipopaka bafuni, nikachanganya na unga wa magadi ya kuokea keki ikawa nzito, nikapaka, nikaacha ikauka, nikapaka tena. Hebu pitisha mkono. Pitisha!

Wakili akapitisha mkono.

— Udongo mtupu.

— Udongo wapi! Plastiki! Na hii michirizi ya kizee unadhani ni nini? Machicha ya kahawa, nimesugua kwa soksi. Kikonyo ni tawi la mti wangu wa njugu za walnuti. Vile vinara vya mishumaa ni miguu ya meza niliyookota kwenye mitumba ya kanisa. Lile shada ni maganda ya mahindi, nimeyakunja moja moja mpaka vidole vikaungua na gundi. Halafu mtu anakuja na miwani yake ananiambia dukani!

Redio aliweka kikombe chini. Sasa alikuwa na la kusema, na Redio akiwa na la kusema hunong'ona ili mtaa wote usikie.

— Shoga, hili limepangwa. Ostrander ana punguzo katika duka lile. Nimezipokea bahasha zake miaka yote, najua. Wamemweka hapa awe mlinzi. Akiona mtu anatengeneza kama vyao, anamzima.

— Mlinzi gani, Wakili akasema. Wewe unaangalia mtaa, mimi naangalia nchi. Hawa ni watu wa viwanda vya rangi. Zamani walituuzia nyekundu, njano, kijani. Tukanunua, tukatosheka. Sasa wameitoa rangi yote, wanatuuzia pengo lake kwa bei mara kumi! Mama yangu akiwa na ukuta wa rangi hii, tuliuita ukuta mchafu, tukaupaka.

— Na ukilala kwenye chumba cha rangi ya uji unasinzia, Redio akadakia. Mtu anayesinzia hasomi bei.

— Umeona! Na wala haulizi kodi! Nchi nzima itasinzia mpaka Sikukuu ya Shukrani, tukiamka tunakuta wameshachukua na mabata mzinga.

— Wendell, bata mzinga aachwe kwanza, Gundi akakemea. Mimi nimetukanwa leo.

— Umetukanwa, ndiyo. Na kisheria una haki ya kukata rufaa kabla hawajatoa utepe wa mshindi saa sita. Lakini nikuulize kitu kidogo tu. Si ungelikwaruza hapo hapo mbele yao? Ukucha mmoja, chungwa litoke, wanyamaze.

Gundi akashika boga kwa mikono miwili.

— Nilikwaruze? Mimi mwizi, nitoe ushahidi? Neno langu halitoshi? Miaka yote nawagundishia vikombe vyao, leo niwakwaruzie boga!

— Hapo umesema kweli, Redio akasema.

— Umesema kweli, ila utepe utaukosa, Wakili akasema.

Gundi alichukua kikombe cha Redio akanywa. Kulikuwa na kipande ambacho hakuwaambia. Mwaka jana mwanawe Curtis alimleta mchumba nyumbani, binti anaitwa Brooke, mzuri, mpole, kwao wana uwezo. Walipopiga picha sebuleni, Brooke aliyachukua yale maboga ya chungwa ya Gundi taratibu akayasukuma nyuma ya kochi yasionekane. Hakusema neno baya, hata alitabasamu. Gundi aliona, akajifanya hakuona, na usiku kucha lilimchoma.

Ndiyo maana mwaka huu aliingia gereji. Na Brooke alipokuja wiki iliyopita, akasimama mlangoni, akashika mashavu: "Jamani, umenunua yale yenyewe!" Akapiga picha moja baada ya nyingine, akamtumia mama yake. Gundi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Karibu ndani, mwanangu." Furaha aliyoiona usoni mwa yule binti, nani angeikata?

Basi asubuhi hii, Ostrander alipouliza kama vitu hivi si vya lile duka, aliyejibu hakuwa Gundi. Alikuwa Brooke, kasimama ubavuni mwake, kifua mbele kwa fahari: "Ni vyenyewe kabisa! Anavyo vyote!" Na Gundi akashindwa kumuumbua mtoto wa watu. Akachukua boga lake akatoka.

— Mimi naona tuandamane, Wakili alikuwa akisema. Kila mtu na boga lake. La chungwa!

— Tukalale mlangoni pa Ostrander, Redio akasema.

— Tukamshitaki na yule aliyevumbua rangi ya uji. Lazima ana jina. Lazima ana nyumba. Na nakuhakikishia nyumba yake ni nyekundu!

— Thubutu! Gundi alicheka bila kupenda, kisha hasira zikamrudia upya. Sikilizeni, mimi sikununua kitu! Nimetengeneza kwa mikono yangu hii, na yeyote atakayesema nimenunua nitamjibu hapa hapa barabarani, awe jaji, awe mchungaji!

— Samahanini, sauti ikasema.

Alikuwa mwanamke wa makamo, koti la sufu la rangi ya mchanga, amevuka barabara kutoka ukumbini. Hakuwatazama wao. Alikuwa analitazama boga.

— Sitaki kuwasumbua. Binti yangu amenitumia picha za nyumbani kwa mkwe wake mtarajiwa, kuna boga kama hili hili. Nimezunguka lile duka la Columbus, wananiambia yamekwisha. Leo ndiyo mara ya kwanza tunakwenda kula kwa huyo mama, na nimejiona naingia mikono mitupu. Dada, hilo umelinunua wapi?

Wakili alijikohoza, akajiweka sawa kungoja moto uwake. Redio alishika ukingo wa benchi. Yeyote atakayesema nimenunua, si ndivyo ilivyotangazwa sasa hivi?

Moto haukuwaka. Gundi alikuwa akiiangalia ile pua, pua ya Brooke tupu. Wakili akafungua mdomo amsaidie.

— Huyu mama haku—

— Wendell, nyamaza.

Yule mwanamke aliwaangalia mmoja mmoja, akitabasamu kwa wasiwasi, akisubiri jina la duka.

Gundi akalipindua boga mapajani. Akalikwaruza tumboni kwa ukucha wa dole gumba, kwa nguvu, mara moja, mara ya pili. Rangi ya maziwa ikabanduka, na chini yake chungwa likatokea, kali, la kiplastiki, lisilo na haya.

— Nyuma ya kituo cha mafuta, alisema. Dola tano, na lilikuwa limekenua meno. Mimi ndiye Lorene, mama yake Curtis. Huyo mama wa picha ni mimi, na lile la nyumbani ni ndugu yake hili.

Uso wa mgeni ulibadilika ukawa mwekundu.

— Lakini Brooke alisema...

— Brooke alisema alichoona, na mimi nikamwacha aseme. Twende kwake tukamwambie wote wawili. Akiona aibu, aione na mimi nikiwepo. Gundi alikwisha simama, boga kwapani, upande uliokwaruzwa nje. Lakini kwanza nipitie kwa Ostrander. Ni saa ngapi, Wendell?

— Bado robo saa kufika saa sita.

— Basi ng'oeni mizizi hapo kwenye benchi, twendeni.