Maisha ya Dada Atuganile, Aliyenilelea Asifiwe

Marehemu Atuganile Meshaki Mwakisambwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 kijijini Lufingo, mtoto wa kwanza wa mzee Meshaki na mama Anyosisye. Mimi ninayesoma ni Esnath, mdogo wake. Tulipishana miaka kumi. Familia imeniomba nisome nami nimekubali, ila msitegemee maneno matamu matupu. Dada nilimpenda na nilimwonea wivu, na wivu wenyewe haujaisha hata leo tunapomzika. Mwanangu wa pekee, Asifiwe, yule pale aliyekaa karibu na jeneza, jana aliomba aandikwe kati ya watoto wa marehemu katika wasifu huu. Wa kukubali au kukataa ni mimi.

Marehemu alianza shule hapo hapo Lufingo mwaka 1958, akaacha mwaka 1960 akiwa darasa la tatu. Mama yetu aliugua baada ya kunizaa, ikabidi dada abaki nyumbani anibebe. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo. Basi mjue kwamba mgongo ule ulikuwa wangu kabla ya mtoto mwingine yeyote wa wilaya hii, na ndiyo maana wivu wangu una pande mbili.

Tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Lukasi Mwaijande wa Kawetele, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Siku hiyo nililia kuliko bibi harusi, mpaka shangazi akanitoa nje ya kanisa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ezron na Elina.

Ukiuliza kazi yake utaambiwa alikuwa mkulima, na kweli migomba yake mnaiona. Lakini akina mama waliokwenda kuchuma chai walimwachia watoto wao ambao hawajafikia umri wa shule, na uani kwake hapakupigwa mtoto. Mgeni akija, mtoto mwenye haya hakusukumwa mbele asalimie. Alijificha nyuma ya kitenge cha dada hadi alipojisikia kutoka, na wengi walitoka wenyewe wakaitikia salamu, "ndaga", kwa sauti ya kusikika. Mimi niliona ni kuwadekeza, nikamwambia. Akacheka tu, jambo lililoniudhi zaidi.

Mwaka 1989, biashara zilipokuwa zimefunguliwa na kila mtu anakimbilia mpakani, nami nikaanza kufuata mitumba Tunduma. Asifiwe alikuwa na miaka mitatu, na baba yake alishakwenda zake Chunya kutafuta dhahabu. Nikampeleka kwa dada. Asubuhi ya kuondoka nilinyata kupitia migombani ili mtoto asinione. Dada akanidaka mkono.

"Rudi umuage."

"Nikimuaga atalia, na gari litaniacha."

"Na alie. Akilia anakuona, atajua umekwenda na utarudi. Ukimtoroka, kila ukienda chooni atadhani umeshapotea."

Nilirudi nikamuaga. Alilia, gari likaniacha, nikapanda la mchana nimenuna.

Miezi ile Asifiwe alikuwa anang'ata wenzake. Mimi ningemzaba kofi, yaishe. Dada alichuchumaa akamshika mikono, akamwambia, "Umekasirika kwa sababu wamekunyang'anya mwanasesere wako wa gunzi. Kasirika, mwanangu, lakini useme. Meno ni ya kulia ndizi." Akarudia hivyo siku baada ya siku, bila kuchoka, hadi siku moja nikamkuta mwanangu amesimama amekunja ngumi, machozi yanamtoka, anamwambia mwenzake, "Nimekasirika! Nirudishie!" Akarudishiwa. Watu wazima tuliokuwepo tulicheka, ila mimi nilikwenda jikoni nikajifanya nachochea moto.

Kuna Jumamosi moja nilirudi na gauni jekundu nililomchagulia kwenye mtumba. Asifiwe aliponiona akaja mbio, akaanguka, goti likachubuka. Tukakimbia wote wawili, dada na mimi. Mtoto akanipita. Akajitupa kwa dada. Na dada, badala ya kuufurahia ushindi wake kama mtu wa kawaida, akamwambia, "Mama yako yule pale. Mpelekee goti alipulize." Nikaletewa goti, nikapulizia. Hata hilo nilipewa na yeye.

Mwaka 1993 nilimchukua aanze shule Tukuyu mjini, nilikokuwa nimepata meza sokoni. Ijumaa ya kwanza tu akaomba kurudi "nyumbani", akabaki Kawetele. Dada akawa mama, mimi nikawa mama mdogo.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi Juni mwaka huu wa 1997. Alilazwa, akapasuliwa, akarudishwa kwake. Wazee walitaka Asifiwe apelekwe Masoko kwa ndugu asione mambo mazito. Dada akakataa, akamwita mtoto mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikingoja amwambie, "Sasa rudi kwa mama yako." Hakusema. Alimwambia, "Mimi sitapona. Utalia sana. Ukilia, mshike mkono Esnath, naye atakuwa analia, atahitaji mtu." Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Novemba, alfajiri.

Jana asubuhi, tukiandaa wasifu huu, Asifiwe akaja mbele yetu. "Mama mdogo, naomba niandikwe kwa watoto. Nitaumia nisipoandikwa. Na najua na wewe utaumia."

Lukasi akasema, "Shemeji, wewe ndiye mama. Amua."

Nikauliza, "Na mimi nibaki na nani?"

Mtoto akanishika mkono. Nilitaka kukataa, jamani, neno lilikuwa mdomoni. Lakini binti wa miaka kumi na mmoja anayeweza kusimama mbele ya watu wazima, akasema kinachomuuma na bado akaona kinachomuuma mwenzake, huyo sikumlea mimi.

Marehemu ameacha mume, Lukasi, na watoto watatu: Ezron, Elina na Asifiwe. Ameacha mama yetu, Anyosisye, na mimi mdogo wake.

Pumzika kwa amani, dada. Matanga yakianuliwa nitamwomba mwanetu twende wote kwangu. Akikataa, nitarudi kesho yake nimwombe tena.