Mama Perpetua Nakhisa Khaemba (1957–2025), Aliyekataa Kuuza Benki Yetu

Bwana asifiwe. Mimi ni Vera, kifungua mimba wake. Wasifu huu umechapwa upya kwa wapiga chapa wa Wandegeya asubuhi ya leo. Ule wa kwanza ulikuwa na adabu zaidi.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Misikhu, karibu na Webuye, Kenya. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, karo ikakatika. Mwaka 1976 alifunga ndoa na baba yetu, Jotham Khaemba, akavuka mpaka kuelekea magharibi, akamfuata mtaa wa Namuwongo alikokuwa akifanya kazi ya reli.

Kuanzia 1988 aliuza sabuni kwa jumla katika soko la Kikuubo. Benki kubwa zilipowanyima mikopo yeye na wenzake, mwaka 2006 walianzisha yao, ya chumba kimoja, pamoja na kampuni ya kuimiliki, Mizani Holdings. Mama ndiye alikuwa mwenyekiti. Katika mkutano wa kila mwaka, mwaka wa faida wanahisa walikunywa soda. Mwaka wa hasara, chai ya rangi bila sukari.

"Banange, Mama Vera, hata kijiko kimoja?" Asuman wa duka la chumvi aliwahi kulalamika.

"Wewe lipa mkopo wako kwanza, sukari itakuja," mama akamjibu.

Mwaka 2022 mtaji wa benki ulishuka chini ya kiwango cha sheria. Mizani ikakopa shilingi bilioni nne kwa mkopeshaji wa nje, na mama akaweka rehani hisa zake, zaidi ya nusu ya hisa zote. Ndiyo, riba ilitutafuna. Miaka miwili ilikuwa hasara tupu, watu wakamcheka waziwazi. Mkopeshaji akasema atafuta deni akipewa hisa hizo, yaani benki yenyewe. Wakurugenzi walitaka kukubali. Mama alikataa, akafuta gawio la kila mtu, akianza na lake. Mwaka jana Mizani ilipata faida ya milioni mia tatu na kumi, na hakuna awamu hata moja ya mkopo iliyochelewa. Wanaonong'ona kwamba alitufilisi wanisikie vizuri: ni uongo.

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Akiwa wodini aliniuliza, "Ya mwezi huu imelipwa?" Nikamwambia imelipwa, akalala. Alituaga Alhamisi tarehe 9 Oktoba.

Jana mawakili wa mkopeshaji walikuja matangani, mwili ukiwa sebuleni, wakimtaka baba, kama mrithi wake, asaini kuwahamishia hisa. Baba, kwa majonzi yake, alikuwa ameshaishika kalamu. Nilimnyang'anya. Kwetu Wabukusu mdai hungoja siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele, ndipo ajitokeze mbele ya ukoo. Tunazika leo Jumanne; basi waje Ijumaa, waketi na wadai wengine, waambiwe watu wote wakisikia: awamu italipwa tarehe thelathini kama kawaida, na hisa haziuzwi.

Mama ameacha mume, Jotham, watoto Vera, Wangila na Nanjala, dada yake Nekesa, wajukuu saba, na wanahisa wenzake wa Kikuubo, ambao leo wamefunga maduka.

Pumzika kwa amani, Mama. Baba hajasaini.