Dada Mkubwa, Mchora Ramani Mwenye Majiko Matatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwachorea watu nyumba zao, Dada Mkubwa anastaafu. Cheo chake kwenye karatasi za utumishi ni Mchora Ramani Mwandamizi, lakini hakuna anayemwita hivyo. Hata Mkurugenzi, aliyemzidi umri, humwita Dada Mkubwa, na akimwita vinginevyo hajibiwi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu meza zetu zimetazamana muda wote huo. Kamati ilisahau kwamba mtu wa meza ya mbele huona mengi.

Alianza kazi enzi za wino na karatasi angavu. Ukikosea mstari uliukwangua kwa wembe, taratibu, pumzi umeibana, na ukizidisha karatasi inatoboka unaanza upya. Wengi wetu tulitoboa. Yeye alitoboa mara chache, na kila alipotoboa alisema karatasi za siku hizi ni mbovu.

Kompyuta zilipokuja, wengine tulizikwepa. Yeye alivuta kiti. Kilichomkuna zaidi ni leya. Kwa faida ya wenzetu wa idara ya fedha: ramani ndani ya kompyuta huchorwa kwa leya, yaani tabaka zilizolaliana, kila moja na kazi yake. Kuta zina leya yao, milango yake, maji yake, umeme wake, samani zake. Ukitaka fundi bomba asibabaishwe na nyaya, unazima leya ya umeme, anabaki na mabomba tu. Dada Mkubwa ndiye aliyetengeneza faili mama la ofisi, lenye leya zilizokwisha kupewa majina, rangi na unene wa mistari, na hadi leo kila ramani yetu huanzia humo.

Sheria yake ya kwanza, kwamba samani hazikanyagi leya ya kuta, ina historia. Katika mwaka wake wa kwanza wa kompyuta alichora kitanda cha mwalimu mkuu mmoja mstaafu huku angali kwenye leya ya kuta. Kitanda kikatoka na mistari minene ileile ya ukuta. Fundi mwashi, mtu mtiifu, akakijenga. Cha tofali, chenye msingi, na mahali pa mto pameinuliwa. Mkurugenzi alipofika saiti ilibidi akikalie kwanza ndipo apate la kusema. Mwenye nyumba alikataa katakata kukibomoa. Alisema ndicho kitanda cha kwanza maishani mwake kisicholia. Dada Mkubwa mpaka leo anasema kosa lilikuwa la kipanya.

Balaa jingine lilikuwa ramani za wageni. Ya mhandisi wa nje ukiiingiza kwenye yetu, inakuja na leya zake zote, zikiwemo zile tupu na zile zilizoitwa JARIBU na JARIBU TENA. Na leya yake ikiwa na jina sawa na yetu, kompyuta inazichanganya bila kuuliza. Kwa hiyo hakuna ramani iliyoingia kwetu moja kwa moja. Ilipitia kwanza faili tupu, ambako Dada Mkubwa aliikagua kama mama mkwe anayemkagua mchumba wa mwanawe: akabadili majina, akafuta takataka, akapanga rangi, ndipo akairuhusu ipite. Mhandisi mmoja alilalamika kwamba amesubirishwa kutwa nzima kwa ajili ya rangi ya mabomba ya choo. Alijibiwa kwamba siku maji ya choo yatakapotokea jikoni ataelewa. Kwa utaratibu huo zimetoka mikononi mwake shule, zahanati, soko, na nyumba za nusu ya waliomo ukumbini humu.

Sasa tuje kwenye nyumba yake. Wengi hamjui kwamba mwanamke huyu aliyewachorea wote hao anaishi na mumewe kwenye vyumba viwili vya kupanga. Kiwanja walikuwa nacho, tofali walishafyatua. Kilichokosekana, msicheke, ni ramani. Mumewe, shemeji yetu, ni fundi wa redio, na kazi zake alizifanyia kitandani. Dada Mkubwa aliwahi kuja kazini na skrubu kwenye nywele. Shemeji hakuomba makuu. Aliomba baraza ya mbele, yenye upepo, aweke meza yake.

Tatizo ni kwamba kila ndugu alikuwa na ombi lake, na Dada Mkubwa hajui kumnyima mtu. Basi alimpa kila mmoja leya. Kulikuwa na BARAZA YAKE. Kulikuwa na MAMA MKWE, chumba chenye bafu na mlango wa nje. Kulikuwa na WIFI NA WATOTO. Yeye mwenyewe alikuwa na JIKO 1, JIKO 2 na JIKO 3, maana hakuwahi kuamua dirisha litazame wapi. Shemeji akija ofisini aliwashiwa baraza, akaondoka anapiga mluzi. Mama mkwe akija, baraza ilizimwa, bafu likawashwa, naye akaondoka akitubariki. Kila mtu aliipenda nyumba ile. Hakuna aliyejua kwamba vyumba hivyo haviwezi kukaa pamoja.

Mambo yaliiva Januari, mwenye nyumba alipowataka wahame kabla ya Agosti, kwani mwanawe ameoa. Shemeji akaja kuulizia ramani ipelekwe kuombewa kibali cha ujenzi. Dada Mkubwa alikuwa saiti. Mkurugenzi, kwa ukarimu wake, akafungua faili na kuwasha leya zote kwa mpigo. Majiko matatu yalikuwa yamelaliana. Baraza ilipita katikati ya bafu la mama mkwe. Mlango wa wifi ulifungukia ndani ya kabati. Shemeji alitazama weee, kisha akauliza kwa upole: "Kwa hiyo baraza yangu ipo, au nilikuwa naonyeshwa tu?" Nilimwonea huruma.

Dada Mkubwa aliporudi alimkuta ameketi kwenye kiti chake. Sisi wengine ghafla tukawa na kazi nyingi za haraka, zote karibu na meza ile. Alianza kueleza kwamba leya haimuumizi mtu, usipoitaka unaizima. Shemeji akasema yeye hatafuti nyumba ya kuzimwa, anatafuta ya kulala. Hapo Dada Mkubwa akavuta kiti cha pili, wakaanza kupunguza leya. JIKO 1 likafutwa bila ubishi. Wifi akapigiwa simu, akasema yeye alikuwa anatania tu. Mama mkwe akakubali bafu lihamie upande wa pili, mradi mlango wake ubaki. Kwenye majiko mawili ya mwisho ndipo pakawa pazito. Dada Mkubwa aliomba moja ligandishwe tu, yaani lifichwe ndani ya faili, lisifutwe. Shemeji akagoma. Basi Dada Mkubwa akatuomba sote tugeukie ukutani, watu wazima na heshima zetu, na tukageuka. Tukasikia kitufe kikibonyezwa, kisha printa.

Jiko lililobaki ni lile ambalo dirisha lake linatazama baraza. Alidai ni kwa ajili ya upepo.

Kibali kilitoka na kuta zimefika lenta, juu ya madirisha. Jumamosi iliyopita tulikwenda kuona. Dada Mkubwa alimwomba fundi mwashi asogeze dirisha kidogo kushoto; fundi akamwambia, "Mama, hii imeshakauka." Baraza haina paa bado, lakini Shemeji ameshaweka meza, na redio ilikuwa inanguruma mtaa mzima. Dada Mkubwa akasimama jikoni kwake, akapitisha mkono kwenye tundu la dirisha, akapunguza sauti. Shemeji hata hakugeuka. Alikuwa anacheka.

Dada Mkubwa, kwa niaba ya wote uliowafundisha na wote uliowafokea, ambao ni walewale, ahsante. Usitupigie simu kuuliza kama tumekosea. Tutakuwa tumekosea, na tutakupigia wenyewe. Tutakukosa sana, na hilo nalisema bila utani. Tunakuombea afya, miaka mingi na majirani wanaopenda redio. Nyumba za watu umechora za kutosha. Nenda ukakae kwako.