Kitu cha Kumwamsha Mzee Mujib

Ndani ya gari la abiria, Probox tuliyopanda kutoka Amukura kwenda Busia, mama mmoja mwenye fulana mpya ya semina alikuwa anamfundisha jirani yake wa kiti, mzee Mujib, kuishi.

"Wajapani wanazeeka vizuri, mzee, kwa sababu kila mtu ana kitu kinachomwamsha asubuhi. Chako ni kipi?"

"Baiskeli. Nimevusha watu hapo mpakani Busia kwenda Uganda tangu ujana wangu, kiti cha nyuma nikakishonea sponji mwenyewe. Watoto wameiuza. Eti nipumzike."

"Si hayo ni mapenzi?"

"Wananipenda kama maiti. Chai naletewa kitandani. Sasa niamkie nini? Naenda sokoni kutafuta baiskeli nyingine."

Mama akaitazama fulana yake. Nadhani semina haikufika hapo. "Fuga kuku basi."

"Huyo Mjapani wako akinyang'anywa chake, atafuga kuku?"

"Usinifokee, mzee. Mimi nimefundishwa tu."

"Ungeenda kuwafundisha wanangu!"

Gari likasimama Busia. Mwanamume mwenye tai akafungua mlango, akamshika mzee mkono kwa upole. "Baba, tena? Nimepigiwa simu umetoroka. Rudi nyumbani ulale."

Ilikuwa saa tatu asubuhi.