Kwa Nini Fuawe la Mzee Lesikar Halitapigwa Leo

Zamani mtu wa Olkokola aliyetaka jembe alimwendea mhunzi, akasimama karibu na moto akamweleza udongo wa shamba lake. Siku hizi hununua Ngaramtoni jembe lisilojua litalima wapi, na likipinda hulitupa mtaroni. Marehemu Mzee Lesikar Kisioki Sumari aliwafulia watu majembe ya ile zamani, na baada yake hakuna mwingine.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Olkokola, mtoto wa kwanza wa Mzee Kisioki Sumari na Mama Silantoi. Nyumba yao ilikuwa ya wafua chuma. Watu walihitaji visu na mikuki yao, lakini walijipaka mafuta mikononi kabla ya kuvipokea ili mkosi wa mhunzi usiwashike, na binti zao hawakuwaozesha kwao. Lesikar alibatizwa katika Kanisa la Kilutheri tarehe 21 Desemba 1958. Ubatizo haukuwazuia watu kujipaka mafuta.

Alianza shule mwaka 1960 akaishia darasa la nne, kwa kuwa baba yake alihitaji mtu wa kuvuta mivukuto ya kupulizia moto. Mdogo wake, Lesian, hakupata hata hilo darasa la nne. Lesikar alimfundisha kusoma kwa kuandika herufi kwa mkaa kwenye mlango wa kibanda cha kufulia. Walianza na L. Lesian alidhani herufi hiyo ni yake peke yake, wakagombana mpaka mama yao akaja na fimbo.

Kuanzia mwaka 1972 hadi 1988 alifanya kazi katika karakana ya shamba la kahawa, kisha akarudi kwenye kibanda cha baba yake. Humo mlikuwa na fuawe, lile pande zito la chuma ambalo mhunzi huweka kazi yake juu yake na kuigonga. Mzee Kisioki alilileta kwa mkokoteni wa ng'ombe mwaka 1948. Katika nyumba hiyo nyundo haikugusa fuawe tupu; iligonga chuma kilichowekwa juu yake. Pigo tupu lilikuwa moja tu, siku mhunzi anapozikwa, ili ukoo usikie kwamba ameweka nyundo chini. Mzee Kisioki alipozikwa tarehe 6 Mei 1979, Lesikar ndiye aliyepiga. Kwa Lesikar, zamu ingekuwa ya Lesian.

Tarehe 4 Septemba 1976 alifunga ndoa na Nalepo. Wakwe walikuwa na wasiwasi na ukoo wake. Siku ya kwanza ukweni Lesikar alitoa kisu alichokifua mwenyewe, na wajomba wakaanza kutafuta mafuta. Mama yake Nalepo akanyoosha mkono mkavu, akakichukua, akaenda nacho jikoni kukatia nyama. Lesikar alisema siku zote kwamba aliozeshwa siku hiyo, kanisani walikwenda kutia sahihi tu.

Tarehe 23 Septemba 2024 mwanawe Frederick, fundi wa kuchomelea mageti huko Sombetini, alilichukua fuawe kwa gari bila kuaga. Alikuwa na springi ya lori ya kunyoosha. Mhunzi angeipasha moto kwanza. Frederick aliilaza ikiwa baridi kwenye ukingo wa fuawe, akaipiga kwa nyundo kubwa. Kona ikakatika, kipande cha ukubwa wa kiganja, na ufa ukatambaa kuelekea katikati.

Alilirudisha jioni hiyo hiyo. Hakujitetea. “Baba, nipe siku mbili,” alisema. “Nitapajaza kwa kuchomelea, litakuwa jipya.”

“Jipya linauzwa mjini,” Lesikar alimjibu. “Uso wa hili ulikomazwa kwa moto. Moto wako ukizidi, unalainika kama sabuni. Ukipungua, utapasuka pembeni ya ulipochomelea. Kwanza nijue ufa umekwenda wapi.”

Hapo ndipo pakawa pagumu. Ufa wa ndani hauonekani kwa macho, husikika. Na ili usikike, lazima uso mtupu upigwe.

Lesian hakutaka kusikia habari hiyo. Kwake yeye fuawe lilikuwa limekwisha kazi: likae na jeraha lake, lisubiri pigo lake moja, kisha liwekwe kichwani pa kaburi. Alimwambia Frederick kwamba kijana anayevunja meza ya babu yake hapewi tena chakula juu yake. Frederick alimjibu, “Baba mdogo, nikiliacha hivi, nani atafua tena hapa? Wewe?” Lesian alikuwa na miaka sabini na mmoja na mkono wa kulia usioinuka kupita bega. Hawakusalimiana kuanzia Oktoba hadi Pasaka.

Mwezi Februari 2025 Lesikar alilazwa hospitali ya mjini, na daktari akasema mapafu yamechoka kwa moshi wa miaka mingi. Alirudi nyumbani akiwa hawezi kuvuka ua bila kupumzika mara mbili. Kila aliyekuja kumwona alimpa rai yake juu ya fuawe. Nalepo alichoka nao. “Shemeji, nyie mnabishania chuma,” alimwambia Lesian, “na mgonjwa hajamaliza uji.” Lesikar mwenyewe alijua kwamba akifa bila kuamua, mdogo wake na mwanawe wataamua kwa ugomvi.

Alifariki Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Ameacha mjane, Nalepo, watoto watatu, Frederick, Silantoi na Lilian, wajukuu tisa, na mdogo wake, Lesian. Mungu aliyempa mikono hiyo aipokee, ampumzishe.

Wazee wameuliza kwa nini leo fuawe halipo hapa kaburini. Jibu ni hili.

Jumanne tarehe 10 Juni Lesian alifika akakuta kaka yake ameketi kibandani, amefunikwa blanketi, nyundo ndogo magotini, na Frederick amesimama nyuma yake.

“Kaka, usifanye hivyo,” Lesian alisema. “Pigo hilo ni la marehemu. Ni langu mimi kukupigia.”

“Na marehemu atasikia nini, mdogo wangu? Utakuja kunisimulia?”

Akapiga. Karibu na ufa chuma kilitoa sauti ya chungu kilichopasuka. Akapumua kwa muda mrefu. Akapiga kati, na nyundo ikaruka ikarudi mkononi, na mlio ukatoka hadi kwenye migomba. Akapiga ukingo wa pili, ukalia vilevile. Nalepo alikuja mbio kutoka jikoni akidhani mumewe ameshakufa.

“Ufa haujafika kati,” Lesikar alimwambia Frederick. “Usichomelee popote. Leta grenda, ukate kona yote ile mpaka ufa uishe, uviringishe ukingo. Kazi ifanyie upande huu mzima, lisiende kukaa kaburini. Ukitia moto wako hapa, si mwanangu.”

“Sawa, baba.”

“Na springi?”

“Ipashwe moto kwanza.”

Lesian alihisi ameibiwa pigo lake. Alitoka bila kumshika kaka yake mkono, akaenda hadi getini, akageuka. Frederick alikuwa tayari amepiga magoti na grenda, cheche zikiruka. Lesikar alikuwa amemwinamia, akimshika kiwiko, akimsogezea mkono kidogo kushoto, kidogo tena, na hakuinua macho kuona ni nani aliyekuwa anaondoka.